Kabati Lililopakwa Nta

Kabati lilikuwa la mninga, zito, na halikuwa na kitasa. Mahali pa kitasa palibaki tundu la kupitisha kidole gumba. Lilikaa miaka mingi katika darasa la watoto wadogo la parokia yetu, Mpanda mjini, na darasa hilo lilipofungwa, sisi akina mama wa jumuiya za Nsemulwa tuliomba ruhusa tulipeleke, pamoja na vilivyokuwemo, kwenye shule moja ya kijijini upande wa mto Ugalla.

Shule ile niliijua. Nilikuwa katekista, nikifika huko mara chache kwa mwaka kufundisha dini. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Watoto wa darasa la kwanza waliandika chini kwa vijiti, na siku ya mvua hawakuandika. Mwalimu wao alikuwa na ubao mmoja uliopasuka, akiandika upande wa kushoto tu, kwa sababu upande wa kulia ulikuwa umeliwa na mchwa.

Kwa hiyo tukakusanya. Vibao vya kuandikia vilivyokuwa vikitumiwa na watoto wa parokia, rula za mbao, bikari kubwa ya mwalimu, ramani ya Afrika iliyoshonewa kwenye turubai, na madawati machache. Hatukutaka kupeleka vitu vya kuisha. Daftari linajaa, linakuwa la kuwashia moto. Kibao kinafutwa kwa kiganja, na kesho yake ni kipya. Mtoto huyu akimaliza, anapokea mwingine.

Wa kuvitengeneza alikuwa fundi seremala kutoka Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, Mrundi, aliyekuja na kibali cha kutoka makazini ili aturekebishie mabenchi ya kanisa. Alivuka mpaka akiwa mtoto, mgongoni kwa baba yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa ya kuchekesha. Aliunga miguu ya madawati, akanyoosha milango ya kabati, akatafuta kitasa sokoni, asipate kinachotosha lile tundu.

"Hili tundu linaniangalia vibaya, Mama," aliniambia. "Kama jicho la mdai."

Vanishi hatukuwa nayo. Akina mama wakaleta vipande vya mishumaa ya altare, vile vinavyobaki chini mshumaa ukiisha. Ilikuwa mishumaa ya nta ya nyuki, na nta yenyewe misheni iliinunua kwa warina asali wa huko huko Ugalla. Fundi akaiyeyusha na mafuta kidogo, akapaka kabati kwa kitambaa, nje na ndani, kila pembe.

"Ndani nako, fundi?" mama mmoja alimuuliza. "Nani ataona?"

"Mchwa ataona," akasema. "Mchwa hapigi hodi mlangoni."

Kabati liling'aa, likanukia kama kanisa siku ya Pasaka. Tukalisifu sana. Mtu wa Ugalla anayesoma maneno haya ameshashika kichwa. Kwao, mtu akichonga mzinga mpya anaupaka nta ndani, anaacha tundu dogo, anautundika mtini, kisha anauacha kimya mpaka nyuki wenyewe waje. Sisi tulifanya hayo yote. Hatukulitundika mtini tu.

Lori lililokuwa likienda kuchukua mbao lilitupelekea mzigo. Mwalimu mkuu akaupokea, akaufungia stoo ya shule, akatangaza kwamba hakuna atakayegusa kitu mpaka aje mgeni rasmi. Ndivyo tulivyozoea. Zawadi isiyofunguliwa na mgeni rasmi ni kama ndoa isiyokuwa na pete. Na mgeni rasmi akaahirisha, akaahirisha tena. Wakati huo miombo ilikuwa inatoa maua, na dirisha la stoo halikuwa na kioo. Baadaye walimu walisema walisikia nyuki wakivuma mle ndani. Lakini katika nchi ile nyuki darini ni kama panya kwa watu wa mjini. Nani atashtuka?

Siku ilipofika ilikuwa Ijumaa. Tulitoka Mpanda mapema kwa lori, mimi, akina mama wawili, na yule fundi, aliyetaka kuliona kabati lake likipokelewa. Madawati ya mwisho tulikuwa nayo juu ya lori. Tulikuta uwanja umefagiwa na kabati limeshatolewa nje tangu alfajiri, wakati wa baridi. Lilisimama juani mbele ya mlingoti wa bendera, limevishwa kitenge kizima na kufungwa utepe mwekundu, hata lile tundu halikuonekana.

Wanaume waliolibeba walikuwa bado wanajipongeza.

"Nyie watu wa mjini mnajua kutoa!" mmoja alitupokea. "Wanne tumelibeba, tumekaribia kutapika."

"Vibao vimezaa humo ndani," mwingine akasema, watu wakacheka.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa kamanda wa sungusungu wa kijiji, mwanamume mrefu mwenye kovu shingoni. Yeye na vijana wake walilinda kijiji dhidi ya wezi wa ng'ombe, na wezi waliokamatwa walipigwa mpaka wakasahau njia ya kwao. Wapo waliosahau kila kitu. Nilimheshimu na kumwogopa. Siku hiyo alivaa shati jeupe, kwa sababu binti yake wa darasa la tatu, mtoto wake pekee aliyebaki hai, ndiye aliyechaguliwa kukata utepe na kufungua kabati.

Mgeni rasmi alichelewa. Jua likapanda. Watoto waliimba, ngoma zikapigwa hapo hapo ubavuni mwa kabati, na mbuzi wa zawadi akafungwa kwenye kigingi kando yake. Mgeni alipowasili na gari lake, tulikuwa tumechoka kwa jua. Alianza hotuba. Fundi alinong'ona kwamba anakwenda kushusha madawati, akarudi kwenye lori.

Kisha binti akaitwa. Alikuwa na gauni la njano. Alikata utepe, kitenge kikashuka, akashika mlango kwa mikono miwili na kuuvuta.

Nimejaribu mara nyingi kueleza sauti ile. Haikuwa mvumo. Ilikuwa kama maji yanayomwagwa juu ya mawe yenye moto. Giza likatoka kabatini, likamfunika mtoto usoni. Nilimwona akifungua mdomo, na nyuki wakaingia mdomoni.

Watu wakakimbia kama ng'ombe waliochomwa. Mgeni rasmi aliwahi gari lake kabla ya wote, akapandisha vioo, karatasi za hotuba zikabaki zinapepea uwanjani. Bibi mmoja aliangushwa akakanyagwa mgongoni. Mbuzi alijirusha kwenye kamba, akaanguka, akajirusha, kisha akalala akitetemeka, mweusi kwa nyuki, ulimi nje. Binti alikuwa amenaswa miguu kwenye kile kitenge. Alianguka, akainuka, akaanguka.

Baba yake aliingia katikati ya nyuki. Alimlalia mtoto, akamkunja kifuani, akatoka naye akikimbia huku nyuki wamening'inia kwenye shati lake jeupe, akajitupa naye ndani ya darasa, tukafunga mlango. Tulikuwa humo watu wengi, tukiponda nyuki ukutani kwa viatu. Mtoto hakuwa na uso tena. Palikuwa na kitu kilichovimba, na midomo, na pumzi iliyopita kwa filimbi nyembamba.

Tulipothubutu kutoka kwa mlango wa nyuma, kamanda alikuwa na jicho moja tu linaloona. Akamwona fundi. Fundi alikuwa ametoka ndani ya lori, alikojifungia na dereva, na amesimama hapo hajavimba popote.

"Wewe," kamanda akasema. "Mbona hukuumwa?"

"Nilikuwa garini, Mzee."

"Nani amelitengeneza kabati?"

"Mimi."

"Na nyuki wako wanakujua. Wanauma watoto wetu, wewe wanakuacha."

Sauti moja nyuma ikasema, "Nyuki wa kutumwa hao! Nyuki wa dawa!" Neno hilo lilitosha. Pale watu waliamini, na wengine mpaka leo wanaamini, kwamba mtu anaweza kuwatuma nyuki kama anavyotuma barua. Filimbi ikapigwa. Vijana wakaja na fimbo na marungu, na wanaume ambao asubuhi walitutania wakaja nao.

Pigo la kwanza lilimpata mdomoni. Nilisikia meno. Akaanguka kwa magoti, akainua mikono kujikinga, na rungu likashuka juu ya ule wa kulia, mkono wa kushikia msumeno, vidole vikageukia upande usio wa vidole. Akamwita Mungu kwa Kirundi. Walimpiga mgongoni, mbavuni, kwenye nyayo. Mwanamke mmoja aliokota tofali.

"Tumewapa ardhi, Warundi nyie! Mnatulipa hivi?"

"Nta," alisema fundi, damu ikimtoka. "Nimepaka nta tu. Nta."

"Kakiri! Kapaka dawa! Mmemsikia?"

Sikuwa mtu jasiri, na sijawa. Nilivua kitenge changu cha juu, nikamtupia, nikajilaza juu yake. Nilidhani wakiona mwanamke wa kanisa watasimama. Fimbo iliyokuwa tayari hewani haikujua mimi ni nani. Ilinivunja mkono wa kushoto chini ya kiwiko, na mkono huo mpaka sasa hauendi kichwani. Ninapojitwika ndoo natumia mmoja. Namshukuru Mungu kwa uliobaki, ndio ninaoandikia.

"Mama Katekista, toka!" kamanda akafoka. "Toka, au utamfuata!"

"Nta nilimpa mimi!" nilipiga kelele, mdomo wangu uko karibu na sikio la fundi. "Sisi akina mama! Ni mishumaa ya kanisani. Nta ya nyuki. Nta yenu hiyo, baba, mliyotuuzia nyie!"

"Nta ya nyuki?"

"Ndani na nje. Alikuwa anazuia mchwa."

Fimbo zikapungua.  Kila mwanamume pale alikuwa na mizinga porini. Waliligeukia kabati: sanduku la mninga, nta ndani, tundu moja, limeachwa kimya gizani wakati wa maua, halafu limezibwa kwa kitenge na kupigiwa ngoma juani. Nadhani wote walielewa kwa pamoja. Mzee mmoja alitema mate chini na kusema taratibu, "Lo! Tumeweka mzinga stoo."

Lakini kuelewa siko kupoa. Kamanda aliunyooshea kidole mlango wa darasa.

"Nta au si nta," akasema, "mwanangu yuko mle ndani. Mfungeni. Mtoto akiamka, na huyu ataamka. Mtoto akilala, watalala pamoja."

Nyuki wengi walikuwa wamerudi ndani ya kabati. Wakamfunga fundi kwenye mlingoti wa bendera, kwa kamba ya mbuzi aliyekufa.

Mimi niliingia darasani. Mama mmoja alinifunga mkono kwa rula mbili za walimu na khanga, na rula nyingine tukazitumia kukwangua miiba usoni mwa mtoto, kidogo kidogo, kwa ukingo, kama unavyokwangua ugali uliogandia sufuriani. Hatukung'oa kwa vidole, maana ukiminya mwiba unamwongezea sumu. Bibi yake alimwekea majani yaliyopondwa na maji ya baridi. Gari la mgeni rasmi, ambalo lingeweza kumfikisha hospitali, lilikwishaondoka. Nyuki wengine walikuwa wamehamia kwenye lori, na dereva hakuthubutu kuliwasha.

Nikaanza rozari. Siku ya Ijumaa ni matendo ya uchungu. Nilifika tendo la pili, Bwana wetu anapigwa mijeledi amefungwa nguzoni, na kupitia mlangoni niliweza kumwona fundi mlingotini, kichwa kimeanguka, nzi kwenye mdomo. Sikuweza kuendelea. Miaka yote niliyofundisha watoto tendo lile, niliwaonyesha kwenye picha. Nilikaa nimeshika ile punje moja, nikisema tu, Bwana, mtoto. Bwana, mtoto. Kwa sababu maisha mawili yalikuwa yamening'inia kwenye koo moja dogo.

Nje, kamanda hakukaa. Alitembea kutoka mlangoni mpaka mlingotini, kutoka mlingotini mpaka mlangoni, na rungu mkononi. Kila akifika kwa fundi alisimama, akamtazama, akageuka. Vijana walileta mafuta ya taa kwa ajili ya kabati. Wengine walisema, na huyu naye achomwe humo humo, kazi moja.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa mto wakati mtoto alipotapika. Bibi yake alimwinua. Alitapika mara nyingine, kisha akavuta pumzi ndefu, ya kwanza isiyokuwa na filimbi, na akaomba maji. Baba alisikia, akaingia, akapiga magoti. Macho ya mtoto yalikuwa yamefumba kwa uvimbe. Alipapasa akapata kifua cha shati.

"Baba," akasema, "nimefungua vibaya?"

Kamanda aliushika mkono ule.

"Mwalimu alisema nivute polepole. Nilivuta kwa nguvu."

"Hukuvuta vibaya," baba yake akasema.

"Basi nani amekosea?"

Nilimwona mtu yule, ambaye aliwahi kusimama juu ya maiti za wezi akivuta sigara, akifunika uso wake uliovimba kwa mikono miwili.  Kisha akatoka nje, nami nikamfuata, kwa sababu bado alikuwa na rungu.

Vijana walikuwa wameshamwagia kabati mafuta upande mmoja, nyuki wakiwa wametulia kwa ubaridi wa jioni. Kamanda aliwapita. Akatoa kisu, akaikata ile kamba, na fundi akamwangukia mikononi, akamchafua damu.

"Mtoto ameomba maji," kamanda akasema. Akamkalisha chini taratibu. Baadaye kidogo akauliza, "Unataka nini? Sema. Mbuzi, ng'ombe, sema."

Fundi alisogeza ulimi, akatafuta maneno kati ya meno yaliyobaki.

"Waambie wasilichome," akasema. "Vibao vimo ndani."

Hawakulichoma. Giza lilipoingia warina walifanya kazi wanayoijua: wakawasha mienge ya moshi, wakafungua milango, wakatoa masega. Yalikuwa yamejengwa kati ya kibao na kibao, kama kwamba tulivipanga kwa ajili hiyo. Asali ilitoka ya kujaza ndoo, na hapakuwa na aliyeilamba usiku ule. Nyuki wenyewe walihamishiwa mzingani.

Alfajiri lori likatubeba, fundi amelazwa juu ya majani makavu, na kamanda mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa kisigongwe na mashimo ya barabara, mpaka hospitali ya Mpanda.  Binti yake alikuwa mbele kwa dereva, mapajani mwa bibi.

Fundi alikaa kwetu Nsemulwa mpaka mbavu zikaunga. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Jioni moja nilianza kumweleza habari za kusamehe, maana ndiyo kazi niliyofundishwa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema:

"Mama, leo usiniambie. Niambie kesho."

Kesho yake nilimuuliza, kama nimwambie.

"Kesho," akasema, na akatabasamu kwa mdomo wake mpya.

Nikajifunza kungoja. Nilikuwa nimefundisha subira muda mrefu kwa watu wengine. Sikumwambia tena, na yeye hakuniuliza. Lakini siku alipojiandaa kurudi Mishamo aliniletea kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa kitasa, cha zamani, alichokiokoa kwenye mlango mbovu wa sakristia, na kipande cha mninga alichokichonga kwa mkono wa kushoto ili kizibe lile tundu. Hakikuwa laini. Alama za tupa zilionekana.

"Mimi huko sirudi," alisema. "Wape. Waambie wazibe. Lile tundu lilinisumbua tangu mwanzo."

Nilikipeleka mwanzo wa muhula, mkono wangu ukiwa bado kifuani. Niliwakuta watoto wa darasa la kwanza wakisugua vibao kwa majivu na mchanga, kwa sababu nta ilikuwa imevishika na chaki iliteleza. Vilikuwa vinaandikika, isipokuwa pembeni. Kabati lilisimama nyuma ya darasa, ubavu mmoja umepauka kwa mafuta ya taa. Binti wa kamanda alikuwa amepona, ila kope moja ilibaki imelegea.

Mwalimu alimtuma mtoto mmoja alete bikari. Yule mtoto alikwenda, akasimama mbele ya kabati, akagonga mlango.

"Hodi," akasema.

Akainamisha sikio, akasubiri. Darasa zima likasubiri naye, kimya, hakuna aliyecheka. Ndipo akafungua. Mwalimu akaniambia wanafanya hivyo wote, hawakufundishwa.

Kamanda aliitwa, akaja na bisibisi ya kuazima. Nilimpa kile kitambaa, nikamwambia kimetoka kwa nani. Alikifungua, akapitisha kidole juu ya alama za tupa, akaelewa ni mkono gani uliofanya kazi ile. Aliziba tundu, akafunga kitasa mwenyewe. Hakuwa fundi. Kilikaa upande, na mlango ulihitaji kusukumwa kwa bega ndipo ufunguo uzunguke. Alipomaliza alitaka kujaribu kama mlango unafunguka, akashika ufunguo, akasita.

Kisha yule mtu mzima, mbele ya watoto, akagonga.